Macho Mwisho

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona dubu.
Eutropia anasema alimwona kwenye kalenda,
ukutani mwa duka la betri, Mtaa wa Livingstone,
ana mabaka meusi, anatafuna mwanzi.
Basi, elimu yetu yote ndiyo hiyo.

Jumamosi saa tisa, Magomeni,
ghorofa ya tatu kwa Bi Shamsa.
Viatu mlangoni. Feni inasukuma joto
kutoka kona hii hadi ile, kisha inalirudisha.
Tunamwaga mkekani alichookota kila mtu:
koti la baridi la mtumba kutoka Karume,
elfu mbili baada ya kubishana
(nani alilivaa, akitembea wapi, hatuulizi),
vipande vya kanga,
na mto wa sufi wa marehemu shangazi yangu;
ukiutoboa, chumba kizima kinapiga chafya.

Mbaraka ni fundi friji, mikono kama koleo.
Nyumbani ameaga anakwenda kikao.
Si uongo. Tunakaa.
Mkasi wake ulikata methali katikati:
unyayo wa kushoto ukabaki unasema HASIDI,
wa kulia HANA,
na SABABU imelala chini ya kochi
mpaka leo.

Masikio ndiyo kazi.
Yapandishe kidole kimoja, umeshona panya.
Yashushe, umeshona mstaafu
anayefuatilia mafao yake dirisha namba nne.
Wa kwangu wote hutoka na sura ya mama yangu
akisikiliza jambo asiloliamini.

Majirani huuliza: mnauza?
Hatuuzi.
Mna wajukuu?
Hapo kila mtu anatafuta uzi wake.

Sheria ni moja, kaiweka Bi Shamsa:
macho mwisho.
Akishaona, utamchomaje sindano?

Leonida alihamishiwa Sumbawanga mwezi wa pili,
barua ya siku saba, shule asiyoijua hata jina.
Akamwacha wake kabatini, ameshiba sufi,
masikio sawasawa
(yeye tu aliyapata mara ya kwanza, hatujamsamehe),
uso mtupu kama yai lililomenywa.
Eutropia akaanza kupekua kopo la vifungo.
Bi Shamsa akamkata jicho.
"Mwenyewe kasema amemaliza?"

Masika ikaingia kwa dirishani, tukampandisha rafu ya juu.
Umeme ulipokatika tulimpapasa tukitafuta kibiriti.
Tukashona wengine saba. Mmoja alikwenda wodi ya watoto Amana,
mmoja aliliwa na panya, mmoja
Mbaraka alisema amempoteza,
ila tunajua analala naye garini.

Mwezi wa saba, simu kutoka stendi ya Mbezi:
kuna mzigo wenu, njooni na kitambulisho.
Mzigo!
Bahasha ya kaki, nyepesi, imefungwa kwa gundi nyingi.
Hakuna barua. Vifungo viwili tu,
na havifanani:
kikubwa cha kahawia, cha koti
(kumbe huko naye ana koti sasa,
na linapitisha upepo mahali pamoja),
na kidogo cheupe, cha shati la mwanafunzi.

Hakuna aliyetaka.
Kila mtu akakumbuka miwani yake mbovu.
Mwishowe Mbaraka akalamba uzi,
akakosa tundu mara ya kwanza, ya pili, ya sita,
akapata,
akashona akiwa amebana pumzi
kama anayeziba gesi inayovuja.

Fundo la pili lilipokaza
akatutazama.
Jicho kubwa, jicho dogo,
kama mtu aliyeamshwa na hodi
bado hajajua ni ya heri au ya nini.
Feni tu ndiyo ilisema.

Eutropia alikuwa na sindano mkononi.
Polepole, bila kugeuka,
akaipeleka nyuma ya mgongo,
akaichomeka kwenye mto
ili asimwone.